Kikulacho ki Nguoni: Ukoo na Mtaa katika Riwaya ya Upelelezi, kutoka Makunduchi hadi Ibanda

Utangulizi

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imepata wasomaji wengi na wahakiki wachache. Katika miaka ya 1970 na 1980 uhakiki wa fasihi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ulitawaliwa na swali la wajibu wa mwandishi katika ujenzi wa jamii. Kwa kipimo hicho, hadithi za mauaji, wizi na ujasusi ziliwekwa katika fungu la riwaya pendwa, yaani kazi za kupitishia wakati. Zilipojadiliwa, zilijadiliwa zaidi kama nakala za mifano ya kigeni. Bwana Msa alilinganishwa na Sherlock Holmes, Willy Gamba akalinganishwa na James Bond, na mara nyingi mjadala ukakomea hapo.

Makala haya yanashika njia nyingine. Yanadai kwamba katika kazi zilizo bora za mkondo huu, ukoo na mtaa alikotoka mwandishi vina kazi kubwa kuliko ya kupamba mandhari: ndivyo vinavyozaa ushahidi. Mpelelezi hufumbua fumbo kwa kujua nani kazaliwa na nani, nani kalelewa katika nyumba ya nani, na nani alihama usiku bila kuaga. Kanuni ya riwaya hizi imo tayari katika methali ambayo kila msemaji wa Kiswahili anaijua: kikulacho ki nguoni mwako. Adui hatoki mbali. Yumo ndani ya vazi ulilolivaa.

Dai hilo linajengwa kwanza juu ya kazi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kisha linapimwa Ibanda, mojawapo ya komuni tatu za mji wa Bukavu katika Kivu ya Kusini. Ibanda imechaguliwa kwa sababu mbili. Ni mtaa wa mji unaosema Kiswahili kila siku, lakini mji huo umeingia katika riwaya ya uhalifu inayosomwa duniani kwa kalamu ya Mwingereza. Tena, ni katika mji huo ambapo kanuni ya kikulacho ilitoka vitabuni ikasimama mbele ya mahakama, na matokeo yake yanamdai mhakiki aifikirie upya.

Mwandishi na Mji Wake

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Alipomaliza masomo, mwaka 1938, aliajiriwa katika Idara ya Afya akiwa mkaguzi. Miaka kumi baadaye aligeukia uandishi wa habari. Mwaka 1948 alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, na kuanzia mwaka 1958 akahariri Mkulima hadi alipostaafu mwaka 1968. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na Shirika la Fasihi la Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Katika wasifu huu mambo mawili yana uzito kwa mhakiki. La kwanza ni mahali pa kuzaliwa. Makunduchi ni mji wa koo za kale, na mizimu yake ina watunzaji, wavyale, wanaorithi kazi hiyo ndani ya ukoo. Kwa mtoto aliyekulia mahali kama hapo, mzimu ni mahali penye jina, penye mlinzi anayejulikana kwa nasaba yake, na penye masharti ambayo kila mkazi anajua ni nani aliyewahi kuyavunja. Kwa hiyo, Abdulla alipoiweka maiti ya mtu mwenye mali katika mzimu, alikuwa anaiweka mahali ambapo kila mtu wa mji ana fungu lake la habari na fungu lake la hofu. Vivyo hivyo Giningi, ambayo katika imani za Zanzibar ni mji wa wachawi, ni jina ambalo mtoto wa kisiwani hulisikia kwa bibi yake kabla hajajua kusoma.

La pili ni kazi ya ukaguzi wa afya. Mkaguzi wa afya ni mgeni mwenye ruhusa ya kuingia uani. Huangalia kisima, choo na maji yaliyotuama. Huuliza nyumba ina watu wangapi na wanalala wapi. Hakuna aliye karibu zaidi na mpelelezi kuliko mtu huyu, ambaye hana bastola wala amri ya kukamata, ila ana haki ya kuuliza na jicho lililozoea kuona kile ambacho wenyeji wamezoea kutokiona. Bwana Msa ana tabia hiyo hiyo. Hana cheo cha polisi. Huja, huketi, huzungumza, huvuta kiko chake, na anapoondoka amekwisha kujua mpangilio wa nyumba na wa jamaa waliomo.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Abdulla aliendelea kuandika baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini mazingira ya hadithi zake yalibaki kuwa Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi. Wako wasomaji waliouona ukaaji huo katika zamani kama kukwepa siasa. Huenda kuna ukweli katika lawama hiyo. Hata hivyo, upande wa pili wake ni kwamba mtandao wa jamaa, watumwani na mabwana, wake wenza na watoto wa nje, uliokuwa ukivunjwa na historia, ulihifadhiwa katika hadithi ya fumbo kwa ukamilifu ambao hati za serikali hazikuuhifadhi.

Nasaba kama Ushahidi

Ulinganisho wa Bwana Msa na Holmes una msingi. Kiko kipo, rafiki msindikizaji yupo, ambaye ni Najum, na fahari ya mantiki ipo. Lakini ulinganisho huo unaficha tofauti iliyo kubwa zaidi. Holmes, aliyeanza kuonekana vitabuni mwaka 1887, ni mpelelezi wa mji wa watu wasiojuana. London yake imejaa wapangaji, wasafiri na watu waliobadili majina, na kwa sababu hakuna anayeweza kumwuliza jirani, ushahidi hutafutwa katika vitu: tope la kiatu, majivu ya tumbaku, alama ya gurudumu. Vitu husema kwa sababu watu hawajui.

Katika ulimwengu wa Bwana Msa watu wanajua, lakini hawasemi. Kila mmoja ameshika kipande kimoja cha nasaba, na adabu, aibu au maslahi vimemfunga mdomo. Kazi ya mpelelezi inakuwa kuvikusanya vipande hivyo kwa mazungumzo. Swali la nani aliua hugeuka kuwa swali la nani ni nani. Mauaji yenyewe, kadiri mwandishi alivyoendelea, yalipungua umuhimu, na siri za kuzaliwa, za ndoa na za urithi zikashika nafasi ya mbele. Majina ya vitabu yanadokeza mwelekeo huo: kimoja kinataja mke na waume zake, kingine kinaanza na neno mwana. Msomaji anayelalamika kwamba nusu ya Duniani Kuna Watu inamtaka achore mchoro wa ukoo pembeni mwa ukurasa amekwisha kuielewa fani ya kitabu, hata kama hajui kwamba ameielewa.

Hapa ndipo maudhui na fani vinapokutana. Jamii ambamo urithi wa shamba, haki ya kuoa na heshima ya jina hutegemea nasaba ni jamii ambamo kosa kubwa hutokea pale nasaba inapofichwa. Kwa hiyo fumbo la Abdulla halikubandikwa juu ya jamii hiyo kutoka nje. Limechimbwa ndani yake. Imani ya mizimu nayo hupata maelezo ya kibinadamu: wakazi wanapodai kwamba wazee wa kale wameua, Bwana Msa huuliza ni nani miongoni mwa walio hai anayefaidika watu wakiamini hivyo. Anaukataa ushirikina bila kuidharau kumbukumbu ya ukoo inayoubeba.

Ili uzito wa jambo hili uonekane, yafaa kuutazama mkondo mwingine wa riwaya ya uhalifu ya Kiswahili, ule wa bara. Katika Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), chombo cha hofu ni simu, yaani sauti isiyo na uso wala baba. Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974) na Kikosi cha Kisasi (1979), alimfanya Willy Gamba kuwa mtu wa ndege na hoteli. Kitabu hicho cha pili kilimpeleka hadi Kinshasa. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, aliandika Dar es Salaam Usiku (1990), riwaya ya mji unaopokea watu wa kila pembe na kuwasahaulisha walikotoka. Taharuki ya waandishi hawa hutokana na kasi na na ugeni. Wamefaulu katika hilo, na kwa njia hiyo waliandika ukweli wa miji ya baada ya uhuru. Lakini katika kazi zao mtaa hupitwa mbio. Ni katika mkondo wa Abdulla tu ambapo mtaa hukaliwa hadi useme.

Ibanda: Mtaa wenye Tabaka

Swali linalofuata ni kama njia ya Abdulla inaweza kufanya kazi nje ya kisiwa chenye koo za kale na uandishi wa muda mrefu. Ibanda inafaa kwa mtihani huo kwa sababu kwa mtazamo wa kwanza inaelekea kuukataa.

Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, Bukavu iliitwa Costermansville hadi mapema miaka ya 1950. Ibanda, yenye rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu, ilikuwa makao ya Wazungu. Waafrika walipangiwa Kadutu, na baadaye Bagira. Mtumishi aliyelala Ibanda alilala uani, katika vijumba vilivyojengwa nyuma ya nyumba ya bwana. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 wenyeji walianza kuingia katika nyumba za mbele. Mwaka 1967 mji ulishikwa kwa miezi kadhaa na mamluki wa Jean Schramme, na sehemu kubwa ikaharibiwa. Mwaka 1973 ilitolewa sheria ya ardhi iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na mwisho wa mwaka huo huo Mobutu akatangaza hatua za kuwapa raia mali za wageni. Nyumba zikabadili wenyewe kwa barua. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka Ruzizi kwa wingi. Mwaka 1996 vita viliingia mjini, na tarehe 29 Oktoba Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa Nyawera, katikati ya Ibanda. Mwaka 2004 majeshi ya Nkunda na Mutebusi yaliuteka mji kwa siku chache, na Februari 2025 wapiganaji wa M23 wakauingia.

Mtaa kama huu hauna mzimu mmoja unaotunzwa na ukoo mmoja. Una kitu kingine, nacho ni kiwanja, au parseli kama wanavyosema wenyeji. Juu ya kiwanja kimoja cha Muhumba au Nguba huweza kukutana hati ya kikoloni, barua ya mwaka 1973, mauziano ya wakati wa vita, na madai ya watoto wa mtumishi aliyelala uani kwa miaka thelathini. Anayejua mfuatano huo ni jirani mzee na mkuu wa nyumba kumi, wala si daftari la ofisi. Mhakiki akiuliza Makunduchi ya Ibanda iko wapi, jibu liko hapo. Nasaba ya mtaa huu ni nasaba ya nyumba. Swali la Bwana Msa, nani ni nani, linageuka kuwa nani aliingia katika nyumba hii, mwaka gani, na yule aliyekuwamo alikwenda wapi.

Bukavu katika Sikio la Mkalimani

Waandishi wa Kongo waliojaribu riwaya ya uhalifu walikwenda kwanza kwingine. Achille Ngoye, ambaye mwaka 1996 alikuwa Mwafrika wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kuchapishwa katika mfululizo mashuhuri wa Série Noire wa Ufaransa, aliiweka riwaya yake Agence Black Bafoussa miongoni mwa wahamiaji wa Paris. Riwaya iliyoipeleka Bukavu kwa wasomaji wa dunia ni The Mission Song ya John le Carré, iliyotoka mwaka 2006. Mwandishi huyo, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2020, alifika Bukavu mwenyewe kabla kitabu hakijachapishwa.

Le Carré alikuwa bingwa wa kuugeuza ukoo kuwa hadithi ya uhalifu. Baba yake, Ronnie, alikuwa tapeli; mama yake aliondoka nyumbani mwandishi akiwa na umri wa miaka mitano. A Perfect Spy (1986), kitabu ambacho wasomaji wengi wanakihesabu kuwa bora kuliko vyote alivyoandika, kinachota moja kwa moja kutoka kisima hicho: jasusi ni mtoto aliyejifunza uongo mezani kwa baba. Huko nako kikulacho ki nguoni.

Katika The Mission Song mwandishi hana ukoo Kivu, kwa hiyo amemwazima mhusika wake. Msimulizi, Salvo, ni mtoto wa mmisionari wa Ireland na binti wa mkuu wa kijiji wa Kongo. Amekulia misheni, anajua Kiswahili na lugha nyingine za Kivu, na huko London ni mkalimani. Anapelekwa katika mkutano wa siri kisiwani, ambako wafanyabiashara wa Ulaya na wakubwa wa Kivu wanapanga kuitwaa nchi kwa ajili ya madini yake. Anachotakiwa kutafsiri ni maneno ya mezani. Anachogundua kinatoka katika yale anayoyasikia kupitia vyombo vya kunasia sauti, katika lugha ambazo wenye njama hawazijui.

Hapa riwaya inafikia kilele chake, na inafikia kwa njia ya Abdulla. Ushahidi unatoka katika lugha ya mama, katika lafudhi, katika jinsi mtu wa Bukavu anavyobadili lugha anapotaka kusema kwa mwenziwe. Haj, kijana wa tajiri wa Bukavu aliyesoma Paris, ndiye mhusika aliye hai kuliko wote mkutanoni, na uhai wake unatoka kwa baba yake, biashara ya baba yake na mji wa baba yake. Hata adhabu ya Salvo mwishoni ni ya kinasaba: hati zilizoficha asili yake zinageuzwa kuwa sababu ya kumvua uraia wa Uingereza. Aliyefumbua siri za wengine anaangushwa na siri ya kuzaliwa kwake.

Hata hivyo, riwaya hiyo ina pengo, na pengo lake lina umbo la mtaa. Sehemu kubwa ya matukio iko London na kisiwani. Bukavu inakumbukwa, inatajwa, inapiganiwa, lakini haikaliwi. Msomaji anajua ziwa lake ni zuri na ardhi yake ni tajiri. Hajui jirani wa Haj ni nani, wala nani aliishi katika nyumba yao kabla yao. Kwa hiyo wahalifu wanabaki kuwa aina za watu: mbabe wa vita, mwanamgambo, nabii wa siasa. Lawama hii haimwangukii le Carré kama kosa la nia, kwa maana hasira yake dhidi ya waporaji wa Kivu ni ya kweli, na wachache wameandika kwa uchungu kama wake. Inaonyesha tu mpaka wa utafiti. Mgeni mwenye bidii anaweza kukusanya majina ya mitaa kwa wiki mbili. Hawezi kukusanya ukimya wa mtaa, kwa sababu ukimya haumwendei anayeuliza. Unamkaa aliyezaliwa ndani yake.

Methali Mbele ya Mahakama

Ikiwa hoja ingeishia hapo, hitimisho lingekuwa jepesi: mtoto wa Ibanda na achukue kalamu, aandike kama Abdulla, afichue kikulacho kilichomo nguoni. Historia ya mji huo hairuhusu wepesi huo.

Tarehe 13 Juni 2007, Serge Maheshe, mwandishi wa habari wa Radio Okapi, aliuawa kwa risasi mjini Bukavu akiwa pamoja na marafiki wawili. Mwezi wa Agosti mwaka huo, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo watu kadhaa, na miongoni mwao walikuwamo marafiki hao wawili, ambao walikuwa mashahidi wa mauaji. Maneno yaliyowatia hatiani yalitoka kwa washtakiwa wengine, ambao baadaye waliyakana. Mashirika ya kutetea waandishi wa habari yalilaani kesi hiyo. Mei 2008, katika rufaa, marafiki hao waliachiliwa huru. Miezi michache baadaye, Novemba 2008, Didace Namujimbo wa redio hiyo hiyo naye aliuawa Bukavu. Miaka mitatu kabla, Julai 2005, mtetezi wa haki za binadamu Pascal Kabungulu alikuwa ameuawa nyumbani kwake mjini humo.

Mhakiki wa riwaya ana la kujifunza katika hukumu ile ya mwaka 2007. Ilifuata mantiki ya kitabu cha upelelezi. Ilimtafuta mhalifu katika duara la karibu, ikakuta rafiki, ikaona inatosha. Kikulacho ki nguoni mwako: methali ikatumika kama ushahidi, na watu wawili wakakaribia kuuawa kwayo. Katika Zanzibar ya Bwana Msa, kumtaja jamaa kuwa mhalifu kunafunga hadithi na kuirudishia jamii utulivu. Katika Ibanda, kumtaja wa karibu kunaweza kuwa njia ya kumficha wa mbali mwenye nguvu, ambaye hana jina mtaani kwa sababu hakuwahi kuishi hapo.

Hii haina maana kwamba njia ya nasaba haifai Ibanda. Maana yake ni kwamba inabidi igeuzwe. Kwa Abdulla, mtaa unaficha kosa la mmoja wao, na mpelelezi anaufungua. Kwa mwandishi wa Ibanda, mtaa unaweza kuwa shahidi anayeshtakiwa, na kazi ya kumbukumbu ya ukoo na ya ujirani ikawa kuthibitisha nani hakufanya: alikuwa wapi, alikula na nani, kwa nini kila mtu wa avenu anajua kwamba jina lililosomwa mahakamani silo. Hadithi ya namna hiyo haiwezi kufungwa kwa pingu. Inafungwa pale ambapo msomaji amejua anachokijua mtaa, na amejua pia kwa nini mtaa umenyamaza. Abdulla mwenyewe alidokeza uwezekano huo alipokipa kitabu chake cha mwisho jina la Kosa la Bwana Msa. Mpelelezi anayeweza kukosea ndiye pekee anayefaa katika mji ambao hukumu zake zimewahi kukosea kwa gharama ya watu.

Lugha ya Ushahidi

Limebaki suala la lugha, na ndilo lenye vikwazo vingi vya kitaaluma. Kiswahili cha Bukavu husema mutu na mukubwa pale Kiswahili sanifu kinaposema mtu na mkubwa. Humwita kaka au dada mkubwa yaya. Huchanganya Kifaransa, Mashi na Lingala kufuatana na nani anayesikiliza. Vijana walijitengenezea Indubili, ambayo Didier Goyvaerts aliichunguza katika makala yake ya mwaka 1988. Kwa muda mrefu, katika vyuo vya Afrika Mashariki, Kiswahili hiki kilitazamwa kama upungufu unaongoja kusahihishwa.

Kwa riwaya ya upelelezi, mtazamo huo ni hasara tupu. Kama The Mission Song inavyoonyesha, ushahidi umo katika tofauti za usemi. Mtu anayetoka Mashi kwenda Kiswahili mlango unapofunguliwa ametoa habari. Anayesema yaya kwa mtu ambaye mahakamani alidai hamjui ametoa habari kubwa zaidi. Ukisanifisha mazungumzo yao, umefuta alama za vidole. Abdulla alilijua hili: Kiunguja chake kimejaa misemo ya baraza na ya uani ambayo mhariri wa bara angeweza kuikata, na kila msemo humweka msemaji mahali pake katika ukoo na katika tabaka. Mwandishi wa Ibanda anastahili uhuru huo huo. Usimulizi unaweza kuwa sanifu ili usomeke Mombasa na Dodoma. Mazungumzo yaachwe yalivyo, kwa sababu ndimo siri ilimo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nguvu ya riwaya za Muhammed Said Abdulla inatokana na kuutumia ukoo na mtaa kama chombo cha kupatia ukweli, na kwamba hapo ndipo anapoachana na mifano ya kigeni anayodaiwa kuiiga. Yameonyesha pia kwamba riwaya ya le Carré juu ya Kivu inasimama imara pale inapotegemea nasaba na lugha, na inalegea pale mtaa unapokosekana. Mwisho, kesi ya mwaka 2007 imeonyesha kwamba kanuni ya kikulacho, ikitumiwa bila kumbukumbu ya majirani, huweza kuwaua wasio na hatia.

Wajibu unaotokana na hayo ni wa vyuo pia. Riwaya ya upelelezi ifundishwe pamoja na riwaya nyingine, na wanafunzi wa Bukavu wanaoandika tasnifu wahimizwe kukusanya masimulizi ya viwanja na ya nyumba za avenu zao, kwa Kiswahili chao, kabla wazee walioyashika hawajaondoka. Mtunzi atakayekuja atakuta akiba hiyo mkononi. Mtaa ambao umeandikwa na maofisa, na majeshi, na wageni wenye nia njema, bado una hadithi yake yenyewe, na wanaoijua wangali wanaishi mlango kwa mlango.